"Amepiga Dawa Gani?" Swali Hili Peke Yake Halitoshi Tena Shambani

Najua wengi mlikuwa mnasubiri sehemu ya pili ya kantangaze, na picha ninazo tayari kwenye simu. Naomba mniwie radhi, itasubiri kidogo. Leo nataka kusema jambo ambalo halimo kwenye ratiba ya bwana shamba, ila linatokea kwenye mashamba yetu, na mimi mwenyewe nilikosea nalo mbele za watu.

Mwezi uliopita, majira ya saa nane mchana, nilipigiwa simu kwamba mpiga dawa mmoja kwenye nyanya za bondeni "dawa imempanda". Ni kijana wa miaka 20 na kitu, analipwa kwa bomba, na siku ile alikuwa amemaliza bomba la 9. Nilipofika na pikipiki nilimkuta chini ya mwembe, jasho linamtiririka, anatetemeka, taya zimekaza, hawezi kutulia hata dakika moja. Alikuwa ameshaharisha. Mama wa mgahawa alikuwa anamlazimisha kunywa maziwa. Mzee mmoja alisema ni mapepo na kwamba afungwe kamba asije akakimbia. Mwingine akasema ni malaria imepanda kichwani. Mimi, kwa diploma yangu ya kilimo na miaka 11 kazini, nilichukua chupa ya kiuatilifu, nikasoma lebo, nikakuta profenofosi, nikatangaza kwamba hii ni sumu ya dawa, hakuna mjadala. Tukamvua nguo, tukamwosha kwa maji mengi na sabuni, tukampakia kwenye bajaji hadi kituo cha afya. Ile chupa nikaikabidhi kwa tabibu kama mwanafunzi anayekabidhi jibu sahihi.

Tabibu akaisoma, akaiweka mezani. Akamulika macho ya kijana kwa tochi. Akamfungua mdomo kwa shida. Kisha akaukunja unyayo wake kwenda juu kwa ghafla, na mguu ukaanza kurukaruka wenyewe, haukomi. Akaniuliza, "Bwana shamba, huyu amemeza nini?"

Nikamjibu kwamba amepiga dawa tangu asubuhi bila barakoa.

"Sijakuuliza amepiga nini. Nimekuuliza amemeza nini."

Tulikuwa watu 5 mle ndani na wote tukaangalia sakafu. Ilipita karibu nusu saa ndipo kibarua mwenzake akanivuta nje. "Bwana shamba, naomba usinitaje. Amemeza vile vya kazi. Vinne tangu asubuhi, maana viwili havikumshika."

"Vya kazi" ni tramadoli. Kwa wasioijua, ni dawa ya maumivu makali, ya cheti, ambayo vijana wanainunua kimyakimya siku za gulio ili mgongo usiume na mwili usichoke. Muda si mrefu akafika dada yake kwa bodaboda akiwa na daftari la kliniki. Hapo ndipo tukajua kwamba kaka yake ana miezi 3 anatumia fluoksetini, dawa ya sonona aliyoandikiwa hospitali, na kwamba wiki ile alikuwa na kikohozi akanunua dawa ya maji ya kikohozi dukani.

Tabibu akasema jina ambalo sikuwahi kulisikia: sindromu ya serotonini. Akampigia simu daktari wa hospitali, wakampa dawa ya kulegeza misuli, dripu, wakampepea na kumpoza kwa maji, gari la wagonjwa likamchukua. Kesho yake alikuwa anakaa na kuongea. Siku ya tatu alirudi nyumbani.

Nilirudi kituoni baadaye kumwomba tabibu anielimishe, na nimesoma kadiri nilivyoweza. Mimi si daktari na sitajifanya. Ila nimegundua kwamba jambo hili mkulima anaweza kulielewa vizuri kuliko watu wengi wa mjini, kwa sababu mkulima anajua habari ya kuchanganya dawa kwenye bomba.

Mnakumbuka nilivyowahi kuwaeleza kuhusu kuangalia kiambata amilifu badala ya jina la kibiashara. Mtu ananunua chupa ya bluu na chupa ya njano, majina mawili, makampuni mawili, anadhani amechanganya dawa mbili tofauti. Kumbe zote ni za kundi moja la oganofosfeti na zinampiga mdudu mahali pamoja. Hajapata dawa mbili, amepata dozi kubwa ya dawa moja, na majani yanaungua. Mwilini ni vivyo hivyo. Serotonini ni kemikali ambayo mishipa ya fahamu inaitumia kupelekeana taarifa: hamu ya kula, usingizi, joto, mwendo wa utumbo, furaha. Ikishatumika hurudishwa ndani ya mshipa. Fluoksetini inazuia isirudishwe haraka, na hivyo ndivyo inavyofanya kazi. Tramadoli, mbali na kuua maumivu, nayo inafanya jambo hilohilo. Dawa nyingi za maji za kikohozi kikavu zina dekstrometofani, nayo imo humohumo. Majina matatu, pakiti tatu, ugonjwa mmoja wa mgongo, mwingine wa moyo kuwa mzito, mwingine wa kifua. Mtu haoni uhusiano wowote. Mwili ndio unaouona.

Serotonini ikizidi sana, mishipa inapiga kelele yote kwa pamoja. Misuli inakaza, hasa ya miguu, mtu anatetemeka, anahara, jasho, mapigo ya moyo yanakimbia, akili inavurugika, na joto linapanda. Mara nyingi dalili zinaanza ndani ya saa 6 tangu mtu aongeze dozi au aongeze dawa nyingine, na nyingi zinajitokeza ndani ya saa 24. Hakuna kipimo cha damu kinachoithibitisha. Daktari anategemea macho yake, mikono yake, na jibu la swali lile: amemeza nini.

Sasa nitaje imani ambazo nimekutana nazo tangu siku ile, maana nimekuwa nikiuliza kila kijiwe.

Ya kwanza ndiyo inayonisumbua zaidi. Watu wanapanga dawa kwa sifa ya ubaya. Heroini ni mbaya sana, bangi ina lawama zake, mirungi ina lawama zake, na mwishoni kabisa, kama peremende, inakaa tramadoli, kwa sababu ina pakiti safi na imeandikwa miligramu. "Hii ni ya hospitali, bwana shamba." Mimi pia nilikuwa na fikra hiyo kichwani, sikuwa nimeichunguza. Lakini kwa ugonjwa huu mpangilio umegeuka. Heroini, pamoja na ubaya wake wote wa kuzuia pumzi na kuharibu maisha, haina tabia kubwa ya kuongeza serotonini. Tramadoli inayo. Tramadoli ikizidi inaleta pia degedege hata kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na kifafa, na ikikutana na pombe inaweza kusimamisha pumzi. Kwa hiyo anayesema "mimi situmii dawa za kulevya, natumia vya kazi tu" hajasema lolote la kumlinda.

Wala hospitali yenyewe haina kinga. Mwaka 1984 msichana wa miaka 18, Libby Zion, alilazwa kwenye hospitali kubwa ya New York akiwa na homa na mwili unaorukaruka. Alikuwa anatumia fenelzini, dawa ya sonona ya aina ya zamani. Akachomwa sindano ya petidini ili atulie. Alifariki asubuhi iliyofuata akiwa na joto kali mno, na kifo chake kwa kawaida kinahusishwa na kukutana kwa dawa hizo mbili. Baba yake, mwandishi wa habari, alipambana mpaka jimbo lile likaweka kanuni mwaka 1989 kwamba madaktari wanafunzi wasifanye kazi zaidi ya saa 80 kwa wiki. Kama madaktari waliosoma walipitiwa, sisi chini ya mwembe na glasi ya maziwa tulikuwa na nafasi gani?

Imani nyingine ni ile iliyomfanya kijana wetu ameze vinne: "haijanishika, ongeza." Hapa nilishangaa kweli. Tramadoli ikimezwa, kazi yake kubwa ya kuua maumivu inategemea ini kuibadilisha kwanza kuwa kitu kingine. Fluoksetini inakizuia kile kimeng'enya cha ini kinachofanya badiliko hilo. Matokeo yake, anayetumia fluoksetini akimeza tramadoli hapati nafuu ya kutosha ya mgongo, anadhani ameuziwa feki, anaongeza. Sehemu ya dawa inayoua maumivu inabaki ndogo, ile inayopandisha serotonini inarundikana. Ni sawa na mkulima ambaye pampu yake ina tundu lililoziba. Badala ya kuisafisha anaongeza kiuatilifu kwenye maji, halafu tundu linazibuka ghafla mbele ya miguu yake.

Na wapo wajanja wanaosema basi siku ya kazi nitaruka kidonge cha sonona ili nimeze cha kazi. Haisaidii. Fluoksetini inakaa mwilini kwa wiki kadhaa baada ya kuacha.

Ila sasa nataka niwe makini sana, kwa sababu kuna kosa la upande wa pili na nimeshaliona. Habari ilipoenea kijijini, mama mmoja akaenda kutupa chooni vidonge vya binti yake vya sonona, akisema "nimesikia ndivyo vilivyomwangusha yule kijana". Hapana, mama yangu. Dawa ya sonona ikitumika kama ilivyoandikwa, mara chache sana inaleta hali mbaya ya namna hii. Kuiacha ghafla kuna shida zake, na sonona isiyotibiwa inaua watu. Sisi maafisa ugani tunajua chupa za viuatilifu zinavyotumika kwenye hilo, hatupendi tu kulisema. Kilichomwangusha kijana ni mrundikano ambao hakuna mtu mmoja aliyeuona wote. Mwenye duka la dawa hakujua kuhusu kliniki, kliniki haikujua kuhusu gulio. Kama una ndugu anatumia dawa hizi, usimnyang'anye. Mwambie tu kwamba kila anapoongezewa dawa nyingine, hata ya kikohozi, hata sindano ya maumivu, aonyeshe daftari. Hali kadhalika wanaotumia amitriptilini kwa ganzi za miguu au kichwa, na wagonjwa wa kifua kikuu sugu walioko kwenye linezolidi. Hizo nazo zimo kwenye orodha, na linezolidi ni ya kuchukuliwa kwa uzito.

Halafu kuna malaria. Kwetu mtu akiwa na joto na kutetemeka, jibu lipo tayari kabla hajapimwa, na panado inatangulia. Joto la ugonjwa huu halitokani na vijidudu. Linatokana na misuli inayofanya kazi bila kupumzika, kama injini iliyokwama kwenye gia nzito. Panado hailigusi. Kinachosaidia ni kupoza mwili na kulegeza misuli, na hiyo ya pili ni kazi ya hospitali. Ndiyo maana lile wazo la kumfunga kamba lilikuwa la hatari kuliko maziwa. Mtu anayeshindana na kamba misuli yake inazidi kuchemka.

Sasa nirudi kwenye kosa langu, maana ndilo linalonihusu kikazi. Sumu ya oganofosfeti na ugonjwa huu vinafanana: jasho, kuhara, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Nilikuwa nimefundisha dalili hizo kwenye shamba darasa mara nyingi kiasi kwamba nilipoziona sikuangalia kitu kingine. Tofauti zipo. Kwenye sumu ya oganofosfeti mboni ya jicho mara nyingi inakuwa ndogo kama tundu la sindano, mate na machozi yanamwagika, kifua kinajaa majimaji, mapigo ya moyo mara nyingi yanapungua, misuli inacheza na kisha inalegea. Kwa kijana wetu mboni zilikuwa kubwa, mdomo haukuwa na mate, moyo ulikuwa unakimbia, na miguu ilikuwa imekaza. Kule mguu kurukaruka unapokunjwa unyayo ni dalili ambayo madaktari wanaitegemea kuliko nyingine kwa ugonjwa huu. Na tofauti hii ina uzito, kwa sababu dawa ya kuokoa mtu wa oganofosfeti ni atropini, na atropini inakausha jasho. Kumkausha jasho mtu ambaye mwili wake unawaka ni kumfungia joto ndani. Tabibu angenisikiliza mimi na chupa yangu, sijui leo ningeandika nini hapa.

Sisemi mkulima aanze kupima mboni za watu. Nasema tubebe kila kitu. Mtu akianguka shambani, mtoeni juani, mvueni nguo zenye dawa na kumwosha, maana hilo halikosei hata kama tatizo ni lingine. Mpepeeni na kummwagia maji. Akipata degedege mlazeni ubavu. Msimpe maziwa, msimtapishe, msimfunge. Na mnapompakia kwenye chombo, chukueni chupa ya kiuatilifu na pia pekueni mifuko yake: pakiti, karatasi ya vidonge, chupa ya kikohozi, daftari. Msiogope kwamba mtamchongea. Daktari anahitaji jina la kidonge, hahitaji jina la aliyekiuza.

Nimalizie kwa wenye mashamba, na hapa najua baadhi yenu mtachukia. Suala la wakulima na tramadoli si letu peke yetu. Mwaka 2013 watafiti kutoka Ufaransa na wenzao walitangaza kwamba wamekuta tramadoli kwenye mizizi ya mti wa dawa, Nauclea latifolia, kaskazini mwa Kameruni. Dunia ikashangaa, maana tramadoli ilitengenezwa maabara Ujerumani miaka ya 1960, iweje iwe kwenye mti? Mwaka uliofuata watafiti wa Dortmund wakalifuatilia. Wakaona miti ya kaskazini inayo, ya kusini haina, na kwamba imo pia kwenye udongo na maji ya kaskazini. Wakaongea na wakulima, na wakulima wakawaeleza bila kuficha: tunameza wenyewe ili tuhimili jua, na tunawapa ng'ombe wa kulimia. Ng'ombe wanapumzika chini ya miti ile mchana, wanakojoa, dawa inaingia ardhini. Nimeisoma habari hii mara tatu. Siwezi kuacha kuwafikiria wale maksai wasioweza kusema kwamba wamechoka.

Maana yapo mashamba hapa kwetu ambako vidonge vinatolewa pamoja na chai ya saa nne. Nimeyaona. Mwenye shamba anasema anawasaidia vijana. Kibarua anayelipwa kwa bomba, bila barakoa, bila kupumzika, anayetakiwa kupiga ekari nzima kabla upepo wa jioni haujaanza, atameza chochote utakachompa. Hujui nyumbani anatumia nini. Hujui ana kifafa au hana. Ukimpa kidonge umekuwa daktari wake, na hukuuliza hata swali moja. Kama kazi haiwezi kukamilika bila vidonge, basi umeajiri watu wachache au bei ya bomba lako ni ndogo. Ongeza mpiga dawa wa pili, na kazi igawanywe asubuhi na jioni jua likiwa limepoa, jambo ambalo hata kwa ufanisi wa kiuatilifu nimekuwa nikiwaomba mlifanye miaka yote hii.

Kwenye ghala la ushirika nimebandika karatasi juu ya rafu ya viuatilifu, ina maswali mawili kwa kalamu nyekundu: amepiga nini, amemeza nini. Mwenye shamba mmoja ameniomba niiondoe, anasema inaharibu jina la bonde. Bado ipo. Kijana wetu amerudi kwenye nyanya, anafunga kamba na kupogoa tu kwa sasa, na daftari lake la kliniki analibeba kwenye mfuko wa nailoni ndani ya koti. Mgongo bado unamuuma, na tabibu amemwandikia dawa nyingine ambayo haigombani na ile ya sonona. Sehemu ya pili ya kantangaze naiweka Jumatano.